Ukitaka kuzielewa katuni za kifalme za Gillray, anza na meza

Watu wengi wakifungua katuni ya zamani wanakodolea sura, pua ilivyovutwa, tumbo lilivyojazwa, wanacheka wanapita. Kwa James Gillray, mchora katuni wa London wa karne ya kumi na nane, hio haitoshi, mana yule bwana matusi yake kayaficha mezani na nyuma ya viti.

Tafuta picha zake mbili za Julai 1792, jumba la makumbusho la British Museum wameziweka mtandaoni, uziangalie pamoja kwa sababu ni jozi. Ya kwanza ni Prince of Wales, yaani mrithi wa mfalme wa Uingereza, keshakula kashiba mpaka kizibao hakifungiki, kajiegemeza anachokoa meno kwa uma, uma jamani! Sasa usigande hapo kwenye tumbo. Shuka chini uone chupa tupu, halafu zumu nyuma yake, kuna chungu cha haja kimejaa na kimekalia bili ambazo hajazilipa. Hapo ndo penye tusi lenyewe, raha yote ile ni ya madeni.

Ya pili ni baba yake, George III, na mkewe Charlotte. Mfalme mzima anakula yai la kuchemsha na suruali ina kiraka, malkia anajishindilia saladi. Tizama na pahala pa kuwashia moto, hapana moto, pametiwa majani na maua tu. Baba bakhili, mtoto mroho, ukiiona moja peke yake umekosa nusu ya mchezo.

Ukishazoea ijaribu Anti-Saccharrites, yaani wapinga sukari, ya Machi mwaka huohuo. Binti sita wa mfalme wamenuna, wanalazimishwa chai bila sukari. Wakati ule Waingereza wengi walikuwa wameisusia sukari ya West Indies, visiwa vya Karibi, kwa vile ililimwa na watumwa. Malkia anawaambia wanawe wawafikirie wale masikini wa watu, kisha anamalizia kwamba na baba yenu atapunguza gharama! Kwahio maandishi usiyaruke hata kama herufi zinaumiza macho, ni kama jina la kanga, ua utalisifu lakini aliyesemwa utamjua kwa maneno.

Rangi ndo usiihangaikie sana. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba kwa asidi, ukapigwa chapa, rangi ikapakwa kwa mkono nakala moja moja, basi koti la mtu mmoja unaweza kulikuta rangi hii hapa na rangi nyengine kule na wala halina maana yoyote.