Una digrii na unataka kujifunza ufundi? Anza hivi

Nina shahada ya fizikia, na kazi inayonilisha ni kutengeneza friji hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Vijana waliohitimu chuo kikuu hunijia wakiuliza waanzie wapi. Nawaambia hivi.

Kabla ya kulipa karo popote, tafuta fundi anayeheshimika, umwombe ukae naye wiki mbili. Fagia, shika tochi, mpe vifaa. Maswali yaweke hadi ainue kichwa.

Aliyenifundisha mimi ni mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi. Siku ya tatu tuliletewa friza ya mama anayeuza samaki Dunga. Ilikuwa inagandisha vizuri, kisha inaacha. Ukiizima ikapumzika, inarudi kufanya kazi. Mimi nikaanza kuilaumu kompresa, ile mota inayosukuma gesi. Mzee akachovya kitambaa kwenye maji moto, akakizungushia mwisho wa ule mrija mwembamba wa kapilari. Tukasikia gesi ikipita tena. "Kuna maji humu," akasema. "Yanaganda, yanaziba njia."

Darasani nilifundishwa kwamba presha ikishuka sana, maji huchemka hata bila moto. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi huvuta hewa yote ya kwenye mirija kwa pampu kabla ya kujaza gesi: unyevu nao hugeuka mvuke ukatoka. Mzee alijua lazima uvute. Mimi nilijua kwa nini. Nilipomweleza, akaanza kuiacha pampu ifanye kazi muda mrefu zaidi, na friji zilizokuwa zikiturudia zikapungua. Nenda na elimu yako hivyo, iwe ya kusaidia mkono wa mwenzako.

Baada ya hapo chagua kozi, na hapa wengi hupoteza pesa. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu, shahada ni ngazi ya 7 na diploma ni ya 6. Mhitimu huona aibu kushuka chini ya diploma. Usione. Kama unachokosa ni mkono, kozi ya ngazi ya 5 au hata ya 4 yaweza kukufaa zaidi. Ukienda Kisumu National Polytechnic, au Sigalagala kule Kakamega, au chuo kidogo cha mtaani, omba kuonyeshwa karakana kwanza. Hesabu mashine zinazofanya kazi, uulize wanafunzi wangapi hugawana kila moja. Chuo cha binafsi, hakikisha kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi.

Ukiwa tayari unafanya kazi, kuna majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, yanayoanzia Gredi ya 3 kupanda hadi ya 1. Mimi nilipitia njia hiyo.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama yangu alilia aliponiona na ovaroli. Sikubishana naye; nilimleta karakana akae kwenye benchi asubuhi nzima, aone wateja.

Ukishaiva, mrudie fundi wako. Mzee wangu alikuwa na miaka mingi kazini bila karatasi hata moja, na zabuni za hoteli zilikuwa zikimpita. Tulijaza pamoja fomu ya majaribio ya NITA. Kila jioni baada ya kufunga nilimsomea nadharia kwa sauti, naye akinijibu kwa kunionyesha kwenye kompresa iliyokatwa katikati.