Hadithi nne zinatosha: kujiandalia kadi ya IELTS

Mara ya kwanza niliingia kwenye mtihani wa kuongea wa IELTS, ule unaopima Kiingereza, na insha kumi na mbili kichwani, zote nimezikariri. Kadi ya sehemu ya pili, ile inayokupa mada ya kuzungumzia, ikasema: eleza kitu ulichowahi kupoteza. Katika insha zangu zote hakuna aliyepoteza hata sindano.

Mimi ni muuguzi hapa Kisumu. Mara ya pili nilibeba hadithi nne tu, zote zangu. Ninayoipenda zaidi ni ya alfajiri niliyomsindikiza nyanya hadi Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, kununua samaki aina ya ngege wa kukaanga. Hiyo inajibu kadi ya mtu unayemheshimu, mahali penye maji, chakula, siku uliyoamka mapema. Hata ya kitu kilichopotea, maana siku hiyo nyanya alidondosha leso aliyofungia pesa, tukarudi tukiinamia njia kama kuku. Kwa hiyo chagua hadithi yenye mtu, mahali na mkasa mdogo, halafu jiulize itageuzwa mara ngapi.

Chumbani unapewa kadi, karatasi, penseli na dakika moja ya kujipanga. Usiandike sentensi, utamaliza moja tu. Mimi huandika maneno sita hivi: leso, ngege, ukungu, nyanya kucheka. Juu kabisa naandika JANA, kwa sababu nikinogewa vitenzi vyangu vya Kiingereza hurudi wakati uliopo. Kidokezo cha mwisho kwenye kadi huwa kinataka sababu au hisia zako. Hapo ndipo wengi huishiwa, kwa hiyo kiwekee maneno mawili ya akiba.

Kisha unaongea kati ya dakika moja na mbili. Mbili zikitimia mtahini anakukatiza. Si hasira, ni saa.

Mazoezi: mwenzangu wa zamu aliandika mada kwenye vikaratasi, akavitia katika boksi tupu la glavu. Saa tisa usiku wodi ikitulia, nachomoa kimoja, najirekodi kwa simu. Kujisikiliza kunaudhi, lakini ndivyo nilivyogundua kwamba “sh” yangu inageuka “s”. Lafudhi yenyewe haikukatii alama, ila lazima ueleweke. Matamshi ni robo ya alama, sawa na ufasaha, msamiati na sarufi.

Sehemu ya tatu ikianza, mwache nyanya apumzike. Hapo unaulizwa kuhusu watu kwa jumla: kwa nini vijana hawapiki samaki nyumbani, kwa mfano. Toa maoni, toa sababu.