Namna ya Kukagua Bwawa la Kuogelea la Hoteli Kabla Watoto Hawajaingia Majini

Kwa familia nyingi za Mwanza, bwawa la hoteli ndilo mbadala wa ziwa. Mzazi anayejua kwamba fukwe za Ziwa Victoria zina kichocho huwapeleka watoto hotelini siku ya Idi, Krismasi au wakati wa likizo za shule, hulipa kiingilio, kisha huketi kivulini akiamini kwamba hatari ameiacha ziwani. Uamuzi huo ni mzuri, lakini bwawa huwa salama kwa sharti moja: dawa iwepo ndani ya maji muda wote ambao watu wanaogelea. Dawa hiyo, yaani klorini, haionekani kwa macho, huharibiwa haraka na jua kali, na hutumika zaidi kila anapoingia mtu mwingine, kwa hiyo bwawa lililokuwa salama saa tatu asubuhi linaweza kuwa limeishiwa dawa ifikapo saa tisa alasiri, hasa siku ya sikukuu ambapo watu wamejaa.

Anza kwa kutazama. Simama upande wenye kina kirefu na uangalie sakafu ya bwawa. Unapaswa kukiona wazi kifuniko cha tundu la kutolea maji, pamoja na matundu yake madogo. Ikiwa maji yana ukungu kiasi kwamba kifuniko hakionekani vizuri, usimruhusu mtu yeyote kuingia. Maji ya namna hiyo yanaonyesha kwamba chujio au dawa imezidiwa, na zaidi ya hapo, mtoto akizama humo hakuna atakayemwona, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ugonjwa wowote nitakaoutaja hapa. Kifuniko chenyewe kikiwa kimevunjika au hakipo, ondokeni, kwa kuwa nguvu ya pampu inaweza kunasa nywele au kiungo cha mtoto na kumzuia asiibuke. Kisha pitisha vidole ukutani, pale maji yanapogusana na vigae. Utelezi unaousikia ni utando wa vijidudu au mwani, na utando huo huvikinga vijidudu visifikiwe na klorini.

Baada ya macho, tumia pua, na hapa watu wengi hukosea. Harufu kali inayowasha macho na kukohoza huchukuliwa kuwa dalili ya bwawa lililotiwa dawa ya kutosha, ilhali mara nyingi maana yake ni kinyume. Klorini inapokutana na jasho na mkojo hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo kloramini, ambayo ndiyo inayonuka na kufanya macho kuwa mekundu, na uwezo wake wa kuua vijidudu ni mdogo sana. Bwawa linalotunzwa vizuri halina harufu kali.

Hatua inayofuata ni kuuliza, na hakuna sababu ya kuona haya, maana umelipa na watoto ni wako. Mwendee mhudumu wa bwawa umwambie kwa heshima: "Samahani kaka, maji haya yamepimwa saa ngapi leo? Naomba unioneshe kipimo." Kifaa kinachotumika sana ni kichupa cha plastiki chenye vyumba viwili. Mhudumu huchota maji ya bwawa kutoka chini kidogo ya uso, hutia dawa ya kupimia katika kila chumba, kisha hulinganisha rangi na zile zilizochorwa pembeni. Kwa vifaa vinavyotumia vidonge, chumba cha klorini hugeuka waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo dawa ilivyo nyingi. Maji yakibaki meupe kabisa, kwa kawaida hakuna klorini. Chumba cha pili hupima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, nacho huanzia njano, hupitia rangi ya chungwa, na kuishia wekundu. Klorini iliyo huru, yaani ile ambayo bado haijageuka kloramini, isipungue miligramu 1 kwa lita, na mabwawa mengi hulenga kati ya 1 na 3. Katika beseni la maji ya moto la kukaa ndani (jakuzi) isipungue 3. pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, kwa sababu ikipanda zaidi klorini hudhoofika hata kama ni nyingi. Mhudumu anayepima mara kadhaa kwa siku na kuandika matokeo daftarini atafurahi kuulizwa. Anayejibu kwamba dawa ilitiwa "juzi" amekwisha kukupa jibu unalolihitaji.

Bwawa dogo la watoto lipimwe peke yake. Maji yake ni machache, hupata joto upesi, na waogeleaji wake ndio wanaojisaidia majini bila kujua, hivyo klorini huisha humo mapema zaidi kuliko katika bwawa kubwa.

Swali la mwisho kwa mhudumu ni chanzo cha maji. Maji ya bomba ya mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, huwa yametibiwa. Hoteli iliyo ufukoni ikivuta maji moja kwa moja kutoka ziwani, suala la kichocho linarudi. Vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila mtu kuhisi chochote. Visipompata binadamu hufa kwa muda wa takribani siku mbili, na klorini huviua, kwa hiyo maji ya ziwa yaliyochujwa, yakakaa kwa saa 48 na kutiwa klorini ya kutosha hayana tatizo hilo. Yaliyopampuliwa asubuhi ili watu waogelee mchana, bila dawa, hayana tofauti na ya ufukoni.

Upande wetu wa wajibu ni mkubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Kila mtu aoge kwa maji na sabuni kabla ya kuingia. Hata dakika moja chini ya bomba la mvua huondoa sehemu kubwa ya jasho, vumbi na mafuta ya kujipaka, vitu ambavyo vingeimaliza klorini kabla haijakutana na vijidudu. Mavazi yawe ya kuogelea na yawe safi. Anayependa kujisitiri mwili mzima ana haki hiyo bila shaka yoyote, kwani kinacholeta uchafu ni fulana na suruali zilizotoka barabarani, si urefu wa vazi. Watoto wapelekwe chooni kila baada ya saa moja, na nepi zibadilishwe mbali na bwawa.

Mwenye kuhara asiingie kabisa, awe mtoto au mtu mzima. Klorini huua bakteria wengi wa kuharisha ndani ya dakika chache, lakini kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huweza kuishi zaidi ya siku saba katika bwawa lenye dawa sahihi, na anayeogelea humo hukipata kwa kumeza maji kidogo tu. Aliyethibitishwa kuugua kimelea hicho asubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma. Nepi za kuogelea hazizuii choo chepesi. Mtoto akijisaidia majini, toeni watu wote na mwambieni mhudumu mara moja: choo kigumu kinahitaji bwawa lifungwe kwa karibu nusu saa huku dawa ikiwa katika kiwango kinachofaa, lakini choo cha kuhara kinahitaji dawa nyingi sana na kufungwa kwa saa nyingi, kwa kawaida hadi kesho yake.

Mkishatoka, ogeni tena, na mkaushe masikio kwa taulo huku kichwa kimeinamishwa upande. Msitumie vijiti vya pamba. Sikio linalouma ukilivuta, au vipele vinavyotokea siku chache baada ya kukaa kwenye beseni la maji ya moto, vinahitaji mganga wa zahanati. Ikiwa mlioga maji ya ziwa yasiyotibiwa, mwambieni daktari hivyo waziwazi, na mkapime kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini haifui dafu kwa ile michanga, kwa hiyo kuimeza siku ya pili baada ya kuogelea hakutoshi.