Kumfunza punda kazi ya mkokoteni kabla hajafungwa mkokoteni

Punda wengi wanaosumbua barabarani hawakufundishwa. Walifungwa tu, wakapigwa mpaka wakaenda. Anza naye akiwa na miaka 2 hivi, na mizigo mizito isubiri afikishe 4, mifupa ikomae.

Kwanza hatamu. Iwe ya kamba laini isiyobana pua. Mtembeze ukiwa ubavuni mwake: aende, asimame, arudi nyuma hatua chache. Kila amri iwe na neno moja, na wote nyumbani watumie hilohilo. Dakika 15 zatosha. Akitii, mwachie hapo.

Pili, mguse. Pitisha kamba taratibu mgongoni, mapajani na chini ya mkia. Hapa usiharakishe hata kidogo. Punda akiogopa mara nyingi hakimbii kama farasi, huganda palepale. Watu hudhani ni ukaidi, wakachukua fimbo. Inaniuma sana kuona hivyo. Ngoja mpaka ashushe kichwa na masikio yalegee.

Tatu, funga kamba mbili ndefu kwenye hatamu, moja kila upande, umwongoze kutoka nyuma, mbali na teke. Siku za mwanzo mwenzako atembee naye mbele.

Nne, kelele. Mwenzako akokote tairi kuukuu, punda alifuate. Kisha likokotwe ubavuni, kisha nyuma. Akizoea, alivute mwenyewe, kwa fundo linalofunguka upesi.

Mkokoteni mtupu huja baada ya hayo yote.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nina nira ya ng'ombe. Itafaa?

Hapana, ndugu yangu. Nira hukaa vizuri kwa ng'ombe mwenye nundu. Punda hana, itamchubua tu. Mvishe mkanda mpana wa kifuani, juu ya kiungo cha bega na chini ya koo. Ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia kutembea. Turubai iliyokunjwa yafaa. Kamba tupu ya nailoni hukata ngozi.

Wangu ni mtulivu, ila kwenye mteremko anakimbia. Kwa nini?

Mkokoteni unamsukuma, dada, naye anaukimbia. Mwongezee mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja na kufungwa kwenye miti ya mkokoteni, apate kuuzuia kwa mwili. Kabla ya hapo usimteremshe na mzigo.

Hataki kuondoka bila mwenzake. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Punda hushikamana sana na wenzao. Mfunze mwenzake akiwa karibu, kisha ongeza umbali kidogo kidogo. Ukiweza, wafanye kazi wawili pamoja.