Kusomesha watoto nyumbani bila kugeuza sebule kuwa darasa

Mwaka wa kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilinunua ubao mweupe, nikanunua mtaala wa maboksi kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja (bei yake ningeweza kupata tiketi ya kwenda Dar, ya kwenda tu lakini), nikabandika ratiba ukutani yenye dakika arobaini hesabu dakika arobaini kusoma, na mezani nikaweka kengele. Kengele jamani! Wiki ya tatu mdogo, ana miaka saba, akaificha kwenye friza chini ya samaki na mi wala sikuitafuta.

Tuko Houston, Texas, kwa hiyo nianze na sheria maana ndo kitu cha kwanza watu wanaogopa. Kusomesha nyumbani kunaruhusiwa majimbo yote Marekani, ila masharti ni kila jimbo na yake. Huku Texas mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 1994 kwamba shule ya nyumbani inahesabika kama shule binafsi, so hakuna kujisajili wala mtihani wa serikali, unatakiwa ufundishe kweli na uwe na mpango wa masomo wa kuonekana wenye vitu vitano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kama mtoto alikuwa shule ya serikali unaandika barua ya kumtoa, bas, usiache tu kumpeleka maana watakutafuta kwa utoro. Ukiwa New York mambo ni mengine, kule wanataka ripoti kila robo mwaka, na Pennsylvania wanataka faili la kazi za mtoto likaguliwe. Soma sheria ya kwako, usimsikilize shangazi wa jimbo lingine.

Sasa tunavyofanya. Kanuni yangu ni moja tu: naangalia kitu ambacho kingefanyika hapa nyumbani hata kama hatusomi, halafu nakibana mpaka kitoe somo.

Mfano maandazi. Jumamosi maandazi yapo tu, yapende yasipende. Kwa hiyo Ijumaa jioni naficha vikombe vyote vya kupimia, naacha kimoja tu, cha robo. Unga vikombe vitatu, tui la nazi kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, hamira na iliki. Haya pima. Mtoto anasimama pale anaangalia karobo kake na bakuli, we kaa kimya, hapo ndo pagumu kwa mzazi, kukaa kimya. Atagundua mwenyewe kwamba unga ni robo kumi na mbili. Wiki inayofuata unamwambia wageni wanakuja tunazidisha mara moja na nusu, hapo sasa sehemu zinakuwa za kweli maana akikosea tunakula makosa. Mdogo kuna siku alizidisha sukari mara mbili badala ya moja na nusu, maandazi yakawa yanakuwa meusi nje kabla ndani hayajaiva, na hilo likawa somo lingine kabisa, kwamba sukari ndo inafanya yabadilike rangi haraka kwenye mafuta. Sikupanga. Ukiwa na mtaala wa maboksi unasema tumetoka nje ya mada, ukiwa jikoni hamna kutoka nje ya mada.

Angalizo dogo, kwenye karai la mafuta mtu mzima ndo anakaa, watoto wanasukuma na kukata tu.

Kitu ambacho nakipenda kuliko vyote ni kile cha kivuli, na hiki nitakieleza taratibu maana ukikosea hatua moja majibu yanakuja hovyo. Kinahitaji ndugu aliyeko nyumbani Afrika Mashariki, simu, na kijiti cha mita moja kila upande. Sisi tulifanya na baba yangu, yuko Dar, alikuwa fundi mwashi miaka mingi. Siku nzuri ni kuzunguka tarehe 20 Machi, kipindi jua linapita juu ya ikweta.

Unasimamisha kijiti sehemu tambarare, sisi tulitumia zege la mbele ya gereji, kinashikiliwa na ndoo ya mchanga. Lazima kisimame wima kabisa. Mi nilidhani chetu kiko wima. Tukapiga vidiokoli, watoto "shikamoo babu," marahaba, halafu mzee akaangalia sekunde mbili tu akasema, "Mwanangu, hicho kijiti kimelala." Kwenye simu ameona! Akatufundisha timazi: uzi, mwishoni unafunga kitu kizito (tulifunga nati), unauning'iniza pembeni ya kijiti unaangalia upande huu na upande ule mpaka vilingane. Mkubwa, ana miaka kumi, alivyoona uzi umetulia kijiti kimeinama alinyamaza kabisa, yani nimemfundisha pembe mraba kwenye karatasi miezi miwili na hajawahi kuniangalia vile.

Halafu kila dakika tano unaweka alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli. Usiamini saa. Kivuli kinafupika kinafupika halafu kinaanza kurefuka tena, ile alama fupi kuliko zote ndo mchana wa kweli wa mahali ulipo. Kwetu ilikuja karibu saa saba na nusu, maana saa za huku zinasogezwa mbele mwezi Machi na pia Houston iko mbali magharibi na mstari ambao saa hizo zinafuata. Dar yenyewe ni kama saa sita na nusu. Watoto walishtuka sana, kumbe saa sita ya ukutani ni makubaliano tu.

Tukapima: kivuli chetu sentimita 57 na kimelala kuelekea kaskazini. Kwa babu siku hiyo ikawa mawingu, masika yanaanza bwana, kesho yake mawingu, akapata tarehe 22, sentimita 13, na kimelala kuelekea kusini. Kusini! Mdogo akasema babu kageuza simu. Ikabidi tuchukue chungwa na tochi tuone kwamba jua lilikuwa katikati yetu, sisi tunaliona upande wa kusini na babu analiona upande wa kaskazini.

Kupata pembe huna haja ya hesabu za sekondari. Chora kwenye karatasi pembetatu ndogo, kijiti sentimita 10, kivuli sentimita 5.7, pima pembe ya juu kwa kipimapembe. Kwetu ikaja 30, ya babu kama 7 na kidogo. Kwa sababu vivuli vinaelekea pande tofauti unajumlisha, ndo 37 hivi, hizo ndo digrii zinazotutenganisha na babu. Kila digrii ya kwenda kaskazini ni karibu kilomita 111, kwa hiyo ukitoka kwa babu ukanyoosha kaskazini kilomita kama 4,100 unafika kwenye mstari (latitudo) wa Houston. Tukafungua ramani tufuate kidole: Kenya, Ethiopia, Eritrea, unavuka bahari ya Shamu, unaishia kaskazini mwa Saudia, na ukitazama kushoto kidogo mstari huo huo Cairo hii hapa. Kumbe sisi na Cairo tuko mstari mmoja karibu. Na ujanja huu wa vivuli ndo alioutumia Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, kule Misri, zaidi ya miaka 2200 iliyopita, kukadiria ukubwa wa dunia, na yeye hakuwa na vidiokoli. (Ile siku mbili za tofauti zinaharibu kidogo, Machi jua linasogea kama digrii 0.4 kwa siku, sisi tuliliandika tu kwenye daftari kama kosa linalojulikana.)

Saa za Kiswahili na za kizungu zilikuwa zinatuchanganya mpaka nilipopata ujanja huu: kwenye saa ya mishale, angalia mshale mfupi unaelekea wapi, halafu soma namba ya upande wa pili mkabala wake. Mshale kwenye moja, mkabala ni saba, saa saba. Siku mbili wameshika.

Kiswahili ndo kinanipa presha zaidi kuliko hesabu, maana watoto wanaelewa lakini wanajibu kiingereza. Kuwaambia "ongeeni Kiswahili" haikufanya kazi, kilichofanya kazi ni ushairi, sikutegemea hata mimi. Mshororo una mizani (silabi) 16, nane na nane, na unahesabu kwa makofi. M-to-to makofi matatu. Mbu-zi mawili. Mbwa je? M-bwa, mawili, hapo walibishana robo saa nzima, na kubishana wenyewe ndo wakawa wanabishana kwa Kiswahili. Mkubwa katunga ubeti huu, paka ni wa jirani ila anashinda kwetu:

Paka wetu ni mvivu, alala juu ya jiko,
Panya wala ndizi mbivu, na mkate wa mfuko,
Yeye kalalia jivu, aota ndoto za mwiko,
Amka we mpumbavu, paka gani wa kicheko!

Jiko letu ni la umeme, jivu halipo, nilipouliza akasema "mama, kina." Sawa. Hilo la mpumbavu tulizozana, nikaliacha, mizani zilikaa.

Kama unataka kuanza, usiwape mada kubwa kama nchi yangu au mama yangu, wape kitu kinachowakera.

Siku za mvua tunacheza bao. Ukiwa mbali na mtu wa kukuchongea, chukua trei tatu za mayai, zile za dazeni, mistari miwili ya mashimo sita. Waambie watoto wapate mistari minne ya mashimo manane bila kukata zaidi ya trei moja, waachie wahangaike. (Trei ya tatu unaikata vipande vitatu vya mashimo manne manne, viwili unagundisha, kimoja kinabaki.) Mashimo 32, kete 64. Kete zenyewe ni komwe, sisi tunatumia maharage makavu. Kila mtu anaanza na 6 kwenye nyumba (lile shimo lake kuu), mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi za kunamua, yani kuziingiza ubaoni moja moja. Mdogo alikuwa analia kutoa kwa kukopa kwenye karatasi, sasa anakupigia hesabu ya mashimo manane mbele kabla hajagusa kete, na anakula nyumba yangu bila huruma.

Kumbukumbu naweka kwenye daftari moja tu, jioni mistari mitatu, tarehe na tulichofanya, na picha kwenye simu. Kuna siku mstari ni mmoja, "leo hamna kitu, mama kachoka," na siku hizo zipo nyingi kuliko ambavyo ningependa kukubali.

Kete zetu zimebaki 61. Tatu nadhani nilishazipika.