Kwenda Uluru na watoto: jinsi ya kujipanga

Kama mnaenda Australia na familia na mnataka kuona jangwa la kule katikati, tafadhali msipange safari ya kupiga picha mwamba mkubwa wa Uluru jua likizama halafu kesho mmeondoka. Uluru ina wenyewe, Waanangu, wenyeji wa asili wa pale, na bila kuwasikiliza wao utakuwa umeona jiwe tu.

Msimu mzuri ni Mei mpaka Septemba. Mchana hewa poa kabisa ila usiku baridi inaweza kushuka hadi chini ya sifuri, kwahiyo masweta na soksi za watoto ni lazima. Desemba hadi Februari joto linapita 40 kirahisi, na watoto wadogo mimi nisingewapeleka.

Kuna uwanja wa ndege hapo Yulara, ndo kwenye mahoteli na kambi. Ukikodi gari mji wa Alice Springs ni kama kilomita 450 mpaka hapo, wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, lakini usiendeshe usiku maana kangaruu wanakatiza barabara, na ngamia pia, yaani ngamia wa porini kabisa, uzao wa wale walioletwa karne ya 19 kubeba mizigo. Kila ukikuta kituo cha mafuta jaza tenki, viko mbalimbali sana.

Mkishaingia hifadhini anzeni na kituo cha utamaduni, kabla hata ya kuusogelea mwamba. Hapo ndo mtaelezwa Tjukurpa, ambayo kwa Waanangu ni sheria, ni imani, ni historia ya ardhi yao, vyote pamoja. Halafu wapeleke watoto njia ya Kuniya, ni fupi, kama kilomita moja kwenda na kurudi, inaishia kwenye bwawa la Mutitjulu. Wasimulie njiani: Kuniya, mama chatu, alipigana na Liru, nyoka mwenye sumu, kumlipizia mpwa wake, na mapigo ya fimbo yake mpaka leo yanaonekana kama nyufa kwenye mwamba. Mtoto akiona ule ufa kwa macho yake mwenyewe hasahau.

Kupanda juu hairuhusiwi tangu 26 Oktoba 2019, tarehe ileile Waanangu waliyorudishiwa ardhi yao mwaka 1985, na mimi naona ni haki kabisa. Pia kuna sehemu zina vibao vya kukataza picha kwasababu ni takatifu, hapo weka simu mfukoni na uwaeleze watoto kwanini.

Kata Tjuta, lile kundi la miamba ya mviringo ndani ya hifadhi hiyohiyo, msiiache, ila nendeni alfajiri. Utabiri ukisema nyuzi 36 au zaidi, njia ya Valley of the Winds inafungwa saa 5 asubuhi. Maji lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea, kofia, na vile vyandarua vya kuvaa usoni, nzi wa kule wanaingia mpaka puani jamani.

Mkipata nafasi lipieni darasa la kuchora kwa nukta na msanii mwenyeji. Watoto watajifunza kwamba alama kama herufi U ni mtu aliyekaa chini, na miduara iliyo ndani ya mingine inaweza kuwa kambi au kisima, kisha wachore hadithi yao wenyewe. Na mkinunua mchoro ulizeni jina la aliyeuchora, duka likishindwa kuwatajia nendeni kwingine.