Namna ya kufuatilia ugomvi wa "hiki bado ni chuo cha Kikatoliki kweli?" kwa vyuo vya Wajesuiti Marekani

Kila mwaka ikikaribia Mei, msimu wa mahafali kule Marekani, moto unawaka kwenye chuo fulani cha Wajesuiti, lile shirika la mapadre Wakatoliki lililoanzishwa na Mtakatifu Ignas. Mara mwanasiasa kaalikwa kuhutubia, mara kikundi cha wanafunzi kimepewa ukumbi, mara walimu wa mkataba wanataka chama chao na chuo kinakataa, basi hapo hapo watu wanagawanyika, hawa wanasema chuo kimeshaasi, wale wanasema nyie mnataka kuturudisha nyuma miaka mia. Mimi hizi stori nazifuatilia muda mrefu sasa, na nachokiona ni kwamba wengi wanaogombana hawagombanii kitu kimoja, yaani mmoja anaongelea mafundisho, mwingine sheria ya nchi, mwingine karisma ya shirika, yaani wito wake wa pekee, alafu wote wanatumia neno moja "Kikatoliki" kama vile linamaliza kila kitu. Kwa hiyo nikikutana na ugomvi mpya huwa najiuliza swali moja kwanza: hapa nani ana neno la mwisho? Ukilipata jibu la hilo, nusu ya kelele inapungua yenyewe.

Ila kabla hujafika huko, hakikisha chuo chenyewe ni cha Wajesuiti. Usicheke. Mwaka 2009 Notre Dame ilimpa Obama shahada ya heshima, ikawa vurugu nchi nzima, na mpaka leo unakuta mtu anawalaumu Wajesuiti kwa jambo lile wakati Notre Dame ni ya mapadre wa shirika la Msalaba Mtakatifu. Mimi mwenyewe nilishabishana karibu nusu saa kwa kosa hilo hilo, aibu niliyoipata siielezi. Vyuo vya Wajesuiti Marekani viko 27, vya zamani ni kama Georgetown (1789), Saint Louis (1818) na Fordham (1841), alafu kuna Boston College, Marquette, Creighton, Gonzaga, na vile vinavyoitwa Loyola ambavyo viko vinne ukihesabu na Loyola Marymount. Sasa kwenye mji wa Worcester kuna chuo kinaitwa College of the Holy Cross, jina lake ni Msalaba Mtakatifu lakini ni cha Wajesuiti. Ukichanganyikiwa mimi sikulaumu.

Haya, tuje kwenye neno la mwisho. Watu wengi wanadhani askofu akinyanyua simu chuo kinatii. Haiko hivyo. Vyuo hivi kisheria viko chini ya bodi ya wadhamini, na bodi hizo kwa sehemu kubwa ni walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, na hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1967 padre Paul Reinert alikuwa rais wa Saint Louis, na ndo mwaka huo bodi yao ikageuka kuwa ya walei wengi. Fordham nayo miaka hiyo hiyo ilikuwa inataka hela za ruzuku za jimbo la New York, na katiba ya jimbo ilikuwa inazuia hela ya serikali kwenda kwenye shule za dini, ikabidi wajipange upya ili waonekane siyo chuo kinachoendeshwa na kanisa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "walei waliteka chuo", mwambie taratibu, mapadre wenyewe ndo waliwafungulia mlango, na sababu moja ilikuwa bajeti.

Sasa soma karatasi mbili. Mbili tu, na siyo ndefu. Ya kwanza ni tamko la Land O'Lakes, Julai 1967, liliandikwa kule Wisconsin na kikundi kilichoitwa na padre Theodore Hesburgh wa Notre Dame, na marais wa Georgetown, Boston College, Fordham na Saint Louis walikuwemo. Pale mwanzoni tu wanasema chuo cha Kikatoliki lazima kiwe na uhuru wa kweli mbele ya mamlaka ya aina yoyote, ya walei au ya kanisa, iliyo nje ya jumuiya ya wasomi. Shika hilo neno "nje". Karatasi ya pili ni Ex corde Ecclesiae, waraka wa Papa Yohane Paulo II kuhusu vyuo vya Kikatoliki, 15 Agosti 1990, na humo anasema maaskofu wasionekane kama watu wa nje bali washiriki wa maisha ya chuo. Unaona? Ni kama baba anamjibu mtoto baada ya miaka 23. Ugomvi wote unaoona leo unazunguka hilo neno, askofu yuko ndani au yuko nje, na usipozisoma hizi mbili utabaki unasikiliza watu wakirushiana maneno bila kujua wanatoa wapi.

Ex corde ina mambo mawili yenye meno. Moja, walimu wasio Wakatoliki wasiwe ndo wengi. Pili inarudia kanuni ya 812 ya sheria za Kanisa, kwamba anayefundisha taalimungu, yaani theolojia, awe na kibali cha mamlaka ya Kanisa, kinaitwa mandatum. Maaskofu wa Marekani walibishana karibu miaka kumi namna ya kutekeleza, utaratibu wao ukaanza kufanya kazi mwaka 2001. Kiutendaji mandatum anapewa profesa binafsi na askofu wake, siyo chuo, na vyuo vingi vinalichukulia kama siri ya hao wawili. Kwa hiyo mzazi akiuliza "walimu wenu wa taalimungu wana mandatum?" mara nyingi anajibiwa kwa tabasamu na brosha. Hapo mimi naona vyuo vinajikosesha imani ya watu bure, kama unajitangaza ni chuo cha Kikatoliki basi swali dogo kama hilo lijibu tu, hata kama jibu ni "hatufuatilii".

Alafu kuna karatasi ya tatu ambayo wakosoaji huwa hawaisomi na watetezi wanaitumia mpaka inachakaa. Mkutano Mkuu wa 32 wa Wajesuiti, 1974 hadi 1975, ulitoa waraka namba 4 unaosema utume wao ni kutumikia imani, na kutetea haki ni sehemu isiyoepukika ya huko kutumikia imani. Padre mkuu wao wakati huo alikuwa Pedro Arrupe. Mwaka 2000 mrithi wake Peter-Hans Kolvenbach akaenda chuo cha Wajesuiti cha Santa Clara akawaambia vyuo vya Marekani kwamba kipimo chao ni wahitimu wanakuwa watu wa namna gani. Kwa hiyo Mjesuiti akikuonyesha wanafunzi wake wanaotetea wakimbizi, kwake huo ndo Ukatoliki wenyewe wala siyo kitu cha kuufichia. Ila soma sentensi nzima, waraka unaanza na imani. Chuo kinachotaja haki mara arobaini kwenye tovuti yake na Yesu mara moja tu, tena kwenye jina la shirika, kimesoma nusu.

Na kwa habari ya tovuti, jihadhari na Kilatini. Utakutana na "cura personalis", kumjali mtu mzima mzima, wengi wanadhani imetoka kinywani mwa Mtakatifu Ignas wakati inatajwa kutoka kwenye maelekezo ya mwaka 1934 ambayo padre mkuu Ledóchowski aliwaandikia Wajesuiti wa Marekani. Ni maneno mazuri sana. Lakini hata hoteli inaweza kusema inamjali mtu mzima mzima, kwa hiyo yakitumika peke yake hayakuambii kitu.

Sasa tuseme ugomvi umefika, unaufanyaje. Mimi naanza kwa kuuliza ni wa aina gani.

Kama ni mgeni kaalikwa, angalia kapewa nini. Maaskofu wa Marekani mwaka 2004 walisema taasisi za Kikatoliki zisiwape tuzo, heshima wala jukwaa linaloashiria kuunga mkono watu wanaopinga misingi ya maadili ya Kanisa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu kuja kujibu maswali darasani na mtu kuvalishwa joho la heshima. Mwaka 2012 Georgetown ilimwalika Kathleen Sebelius, waziri wa afya, kwenye sherehe za wahitimu wa sera, wakati ule ule maaskofu wanapigana na wizara yake kuhusu bima za kulipia uzazi wa mpango. Hakupewa shahada. Jimbo kuu Katoliki la Washington lililaani hata hivyo, na mwandishi William Peter Blatty, aliyesoma hapo hapo, akaenda mpaka kupeleka malalamiko rasmi ya kisheria ya Kanisa. Unaweza kuwa upande wowote, ila ukisema "walimtunuku" umeshapoteza hoja kabla hujaanza.

Kama ni alama, msalaba ama picha, usikimbilie hitimisho. Obama alipohutubia Georgetown Aprili 2009, herufi IHS, zile za jina la Yesu, zilizo juu ya jukwaa la Gaston Hall zilifunikwa kwa sababu watu wa Ikulu waliomba nyuma yake pasiwe na alama. Hiyo kwangu ilikuwa kosa kabisa, mgeni hawezi kukuambia ufunike jina la mwenye nyumba. Lakini mwaka huo huo Boston College ikajaza misalaba na sanaa za dini madarasani, na kuna maprofesa wao walilalamika kwamba hawakuulizwa. Msalaba ukutani unakuambia nani alishinda kikao, haukuambii kinachofundishwa chini yake. Kwa hiyo nenda kafungue mtaala. Georgetown mpaka leo ina kozi inaitwa The Problem of God, na wanafunzi wote wa shahada ya kwanza lazima wapitie taalimungu na falsafa. Uliza kozi ngapi ni za lazima, uliza zilikuwa ngapi zamani, uliza zinafundishwa na walimu wa kudumu au wa kuokoteza. Hapo ndo penye uhai.

Kama ugomvi umefika mahakamani ama serikalini, basi jua sheria ya nchi nayo ina mdomo. Vikundi vya wanafunzi mashoga viliishtaki Georgetown, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya Washington ikatoa hukumu ya ajabu kidogo, kwamba chuo hakilazimiki kuwatambua rasmi vile vikundi kwa maana ya kuviunga mkono, lakini lazima kiwape huduma sawa na vikundi vingine. Pande zote mbili zilitoka na nusu mkate. Vile vile Loyola Marymount na Santa Clara mwaka 2013 waliondoa utoaji mimba wa hiari kwenye bima za wafanyakazi, mwaka uliofuata jimbo la California likaziambia kampuni za bima lazima zilipie. Kwa hiyo kuna mambo ambayo chuo kinatukanwa wakati neno la mwisho halikuwa lake.

Nikupe na aina ambayo wahafidhina na waliberali wote wanaikwepa, mishahara. Mafundisho ya Kanisa tangu Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa 1891, yanatambua haki ya wafanyakazi kuungana. Walimu wa muda wa Georgetown walipoamua kuingia chama mwaka 2013 chuo hakikupigana nao, kilikuwa na sera yake ya ajira za haki. Lakini Seattle University na Loyola Chicago walipofikwa na jambo hilo hilo walisema sisi ni taasisi ya dini, bodi ya serikali ya mambo ya kazi haina mamlaka hapa. Yaani utambulisho ule ule wa Kikatoliki, mmoja anautumia kufungua mlango, mwingine kuufunga. Ukitaka kujua chuo kinaamini nini, angalia kinakumbuka lini kwamba ni cha Kikatoliki.

Na usisahau kwamba Wajesuiti wenyewe wamebaki wachache. Mwaka 1965 walikuwa zaidi ya 36,000 duniani, siku hizi ni kama 14,000. Georgetown ilipata rais mlei wa kwanza 2001, John DeGioia, na Fordham ikampata Tania Tetlow 2022, mlei wa kwanza na mwanamke wa kwanza. Ndo maana wakaanzisha ukaguzi wa utume, chuo kinajichunguza, wageni kutoka vyuo vingine wanakuja kutazama, ripoti inapanda mpaka kwa padre mkuu Roma. Chuo unachokifuatilia kikiwa kimechapisha ripoti yake isome hiyo kabla ya gazeti lolote, mara nyingi humo wanakiri udhaifu ambao wapinzani wao hata hawajauona.

Ukitaka kuandika barua ya kulalamika, chagua anwani vizuri. Mafundisho ya taalimungu na sakramenti, mwandikie askofu. Kama ni kuhusu roho ya Kijesuiti, mwandikie mkuu wa kanda wa Wajesuiti. Ada, ajira, majengo, mwaliko wa mahafali, hiyo ni rais na bodi. Taja tukio moja, tarehe, na karatasi unayoitegemea, usiandike kurasa sita kuhusu kuporomoka kwa ustaarabu, hazisomwi.

Na kwa wale wanaodhani Kikatoliki na Kijesuiti ni kitu kimoja, kaangalie chuo cha Wheeling, West Virginia, kilichokuwa cha Wajesuiti. Mwaka 2019 chuo kilikuwa hoi kifedha, kikafuta programu nyingi zikiwemo taalimungu na falsafa, Wajesuiti wakasema basi, wakaondoa jina lao. Chuo kikabaki, na mpaka leo kinajiita cha Kikatoliki.